Kipimo cha Ukumbi wa Ushirika, Tukuyu

Kwanza nasubiri mvua.
Hapa kusubiri mvua ikatike ni kazi yenye mshahara wake.
Tangu saa mbili bati linapigwa
na mita yangu, juu ya stendi, inapima mbingu tu:
desibeli sitini na tatu za mbingu.
Ambakisye ameketi juu ya sanduku la spika,
anakula ndizi ya kuchoma.
"Andika hivyo hivyo, fundi, tuondoke."
Siandiki.

Saa sita na robo paa linanyamaza.
Tunavuta paneli kumi na moja kwenye reli,
zinakwenda kwa kujivuta, kama foleni ya mbolea.
Tunazungusha mkono wa chuma, mipira inashuka,
ukumbi mmoja unakuwa miwili:
huku kina mama wa kikoba, kila Alhamisi,
kule baraza la kata, Alhamisi hiyo hiyo.

Upande wa baraza nawasha spika.
Haiimbi, haisemi. Inamwaga mvumo,
kama Kaporogwe ikisikika kutoka barabarani,
sauti zote ndani yake, nene hadi nyembamba.
Kule mia moja na mbili.
Huku, nyuma ya ukuta, sabini na moja.
Natoa.
Napasua puto, nahesabu mwangwi unavyokufa,
narekebisha. Thelathini na mbili.

Kitabu cha kiwanda kinasema hamsini.
Hamsini hiyo ilipatikana maabara,
juu ya sakafu iliyotulia kama maji ya beseni.
Hii ilimwagwa mwaka ule saruji ilipoadimika,
ina mabonde, na sauti si mgeni wa kubisha hodi:
ikipata upenyo wa kidole, imeshaingia nzima.

Wanasema ukuta una masikio.
Mimi nalipwa kwa sababu una mdomo.

Mwenye funguo ni Mama Atuganile.
Hati ya manunuzi inasema, *kuboresha matumizi ya ukumbi*.
Haisemi siku aliyosimama barazani kumshtaki mumewe,
enzi za pazia,
na kesho yake sokoni muuza maharage
akamjazia kopo mpaka likamwagika
bila kumtazama usoni.

"Nipime mimi," anasema.
"Mama, kipimo kinataka mvumo ulio sawa, sauti ya mtu..."
Ameshaingia kule. Amefunga.

Nasimama upande wa kikoba, kalamu mkononi.
Thelathini na nne. Thelathini na sita. Thelathini na nne.
Maneno siyasikii.
Zile *s* na *t* na *k* zimenasa kwenye paneli
kama majani ya chai kwenye chujio.
Kinachopita ni kile cha chini:
kupanda, kushuka,
kusita mahali,
kisha kushuka tena, kwa muda mrefu.

Anarudi. "Umesikia nini?"
"Hata neno moja, mama, sikulisikia."
"Na wimbo wake?"
Ambakisye anatazama viatu vyake.
"Basi," anasema. "Maneno mji huu unayo tele.
Unachotafuta ni wimbo wa kuyatilia."

Anafungua kitenge cha juu, anakisokota,
anakisukuma kwa kisigino chini ya ukuta,
pembe hadi pembe, pale saruji ilipozama,
taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala.
Nawasha spika tena. Sikuombwa.
Thelathini na sita.

Wingu linateremka kutoka Rungwe.
Fomu ina safu ya paneli, ya reli, ya mpira, ya dari.
Naandika nambari zote mbili,
na pale palipochapwa *Maelezo Mengine*
nakaa na kalamu
mpaka bati linaanza.